Maswali ya Wasomaji: Vitendawili vya Feza za Chuma

Kitendawili! … Tega! *Pembe ninazo sita, mnyama wangu anazo mbili tu.* Anayeshindwa atupe mji, ila asitupe Lubumbashi, tayari tumo ndani yake. Jibu liko chini, kwenye barua ya pili. Mwezi huu tumeweka pamoja barua za wakusanyaji wa sarafu wanaoandaa mashindano ya vitendawili.

Ndizi, msalaba na ugomvi

*Wazee wa safu, salamu. Sisi ni wakusanyaji kumi na mmoja wa Kamalondo na Kenya, mitaa ya Lubumbashi. Kwenye shindano letu mtegaji alisema: "Ndizi huku, msalaba huku, na padri hanijui." Meza moja ikajibu faranga 1 ya Katanga, nyingine ikajibu faranga 5. Mtegaji akasema ni tano, watu wakasusia chakula. Nani alikuwa na haki? — Msomaji, Kamalondo*

Meza zote mbili. Mwenye kosa ni mtegaji. Mwaka 1961 Katanga ya Moïse Tshombe, jimbo lililokuwa limejitenga na Congo, ilitoa sarafu ya faranga 1 na ya faranga 5, zote za bronzi, zote zina ndizi upande mmoja na ule msalaba wa shaba upande wa pili. Tena iko faranga 5 ya dhahabu, ya mwaka uleule na picha zilezile. Kitendawili kimoja, majibu matatu. Sehemu ya padri tumeipenda, kwa sababu msalaba ule kweli hauhusiani na kanisa: ni kipande cha shaba kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, na watu wa hapa walikitumia kama mali kabla Mbelgiji yeyote hajafika. Lakini utamu huo hauondoi sarafu hata moja kati ya zile tatu.

Dawa yake ni kuchuja. Kabla ya siku ya shindano, mtegaji aandike jibu kamili kwenye karatasi: nani alitoa sarafu, thamani, mwaka, madini. Kisha amwage mezani sarafu zote zinazoruhusiwa katika shindano, au aandike orodha yake kama hana zote. Asome dalili ya kwanza na kuondoa kila sarafu isiyolingana nayo. Asome ya pili, aondoe tena. Dalili ya mwisho ikishasomwa, mezani ibaki sarafu moja. Zikibaki mbili, kitendawili hakijaiva. Na dalili ambayo haikuondoa chochote ni pambo. Iache kama inachekesha, lakini usiihesabu.

Kile cha ndizi kingeweza kuokolewa hivi: "Ndizi huku, msalaba huku, na padri hanijui. Nihesabie kwa vidole vya mkono mmoja. Ndugu yangu wa rangi ya jua alifungiwa sandukuni, mimi nilitumwa sokoni." Vidole vinaondoa faranga 1, sandukuni kunaondoa dhahabu. Inabaki faranga 5 ya bronzi.

Kuhusu pointi zenu: wekeni sheria, na isomwe kwa sauti kabla ya swali la kwanza, kwamba *jibu lolote linalotimiza dalili zote linapata pointi zote, hata kama si lile la mtegaji*. Na mtegaji asiwe mwamuzi wa kitendawili chake mwenyewe. Atakitetea kama mtoto wake.

Vitendawili vyetu vinanuka mtihani

*Ndugu wahariri, vitendawili vyetu ni kama maswali ya shule: "Sarafu gani ya 1965 ina simba?" Tutatungaje kitu chenye ladha? — Msomaji, Kampemba*

Acheni kuuliza kwa sauti ya mwalimu, sarafu ijisemee. Kitendawili cha Kiswahili hufanya kitu kimwongopee msikilizaji bila kusema uongo. Chombo kikubwa hapo ni neno lenye maana mbili, na Kiswahili kimetupa *pembe*. Faranga 2 ya 1943, ya Congo ya Wabelgiji, ni ya shaba ya njano, ina kona sita, na ina picha ya tembo. Kona ni pembe, meno ya tembo nayo ni pembe. Ndicho kitendawili chetu cha juu. Wasikilizaji watakimbilia swala na nyati, na hakuna aliyewadanganya.

Angalieni pia kwamba zile kona sita ndizo zinazofanya kazi yote. Tembo peke yake hatoshi: yuko kwenye faranga 1 ya mviringo, kwenye faranga 2 ya mviringo ya baada ya vita, kwenye faranga 5 ya 1947, na kwenye faranga 50 ya fedha ya 1944. Mkitaka dalili ya ziada, hiyo ya kona sita ilipigwa Philadelphia, Marekani, kwa sababu Ubelgiji wakati huo ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. "Nyumbani kwa bwana wangu kulikuwa na wageni wenye bunduki, nikazaliwa ng'ambo ya bahari."

Simba wenu wa 1965 naye ana mlango wa kuingilia. Faranga 10 ya alumini inaonyesha uso wake tu. "Mfalme wa pori, kichwa anacho, mwili hana, na uzito wake ni wa unyoya." Alumini inafichwa vizuri na neno unyoya. Lakini taja wakati pia ("miaka miwili baadaye jina la feza likabadilishwa"), kwa sababu zipo sarafu za miaka ya karibuni zenye jina la Congo na wanyama wa kila aina, zilizotengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji tu. Mtu akija na mojawapo yenye simba atawasumbua jioni nzima. Sisi tungezitoa kabisa katika shindano: sarafu ambayo haijawahi kununua hata kikombe cha mahindi haina la kusimulia.

Aina nyingine ni kitendawili cha jozi, ambacho jibu lake ni sarafu mbili. "Baba mmoja, mchikichi mmoja, ila mapacha hawaelewani kwa lugha." Hizo ni faranga 1 za Mfalme Albert I wa Ubelgiji za miaka ya 1920: moja imeandikwa Kifaransa, nyingine Kiflamandi, mchikichi ni uleule. Aliyeleta moja apewe nusu. Ila onyo: senti 50 za mfalme huyo zina mapacha vilevile, kwa hiyo thamani lazima itajwe.

Watoto wa miaka kumi na miwili

*Mzee mhariri, nafundisha Katuba na nina kikundi cha wanafunzi wanaopenda feza za zamani. Wengi wana za Zaire tu. — Mama Mwalimu*

Mama Mwalimu, za Zaire zinatosha sana, na ni rahisi kupatikana. Anza na sarufi. "Nikiwa peke yangu jina langu linaanza na li-, tukiwa wengi linaanza na ma-." Sarafu ya 1967 ya thamani ya moja imeandikwa LIKUTA; ile ya tano imeandikwa MAKUTA. Mtoto anayejua jicho na macho atafika mwenyewe.

Kisha hesabu. Mwaka 1967 zaire 1 ilichukua nafasi ya faranga 1,000. Zaire 1 ilikuwa makuta 100, na likuta 1 ilikuwa sengi 100. Waache wapige hesabu mpaka waone kwamba likuta 1 ni faranga 10 za zamani, na sengi 10 ni faranga 1. Hapo ndipo tega: "Mimi ni kumi, jana niliitwa moja, chui ananilinda." Ni sengi 10 ya alumini. Wenye haraka watakosa, kwa sababu watatafuta namba 1 kwenye chuma.

Tundu na tembo

*Niliulizwa: "Tumbo limetoboka, tembo wawili wanalichungulia." Nikajibu Congo, wakasema nimekosa. Kwani tembo si wetu? — Msomaji, Kasumbalesa*

Ni wetu, lakini hakukutana na tundu. Congo ilikuwa na sarafu za tundu tangu 1887, wakati wa Leopold II, mpaka wakati wa Albert I. Tembo akaja 1943, tundu limeshaondoka. Ulichoulizwa ni peni ya Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland (leo Zambia, Zimbabwe na Malawi), ya miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960. Wewe uliye mpakani ungepaswa kuijua kuliko sisi! Ukisikia tundu na pembe mbili bila mnyama, hapo ni senti za Afrika Mashariki za wakati wa Waingereza. Andaeni shindano kwa kutangaza mipaka mapema: "Congo tu, 1887 hadi 1988", au "Congo na majirani". Bila hivyo hata mtegaji mzuri anatega gizani.

Na kwa wanaopenda tundu: jambo zuri la kutegea ni mwaka. Sarafu za 1908 zinasema État Indépendant du Congo. Ubelgiji ikaichukua nchi Novemba mwaka huohuo. Za 1909 zinasema Congo Belge. "Tumezaliwa tumefuatana, tundu letu moja, lakini kila mmoja na mwenye nyumba wake."

Jioni nzima ipangwe vipi?

*Tutakuwa watu 12, ukumbi tunao kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na mbili. Vitendawili vingapi? Pointi zihesabiwe vipi? — Msomaji, Ruashi*

Meza nne za watu watatu. Wawili huachia mmoja anayejua kila kitu, wanne hugeuka bunge. Vitendawili 15 vinatosha, na 3 vya akiba kwa ajili ya kile ambacho lazima kitaharibika. Kila kimoja kiwe na dalili tatu, kuanzia ngumu kwenda nyepesi, na dakika moja na nusu kati ya dalili na dalili. Meza inayojibu baada ya dalili ya kwanza inapata 5, ya pili 3, ya tatu 1. Jibu liandikwe kwenye kikaratasi na kupelekwa kwa mwamuzi, lisipazwe sauti. Kupaza sauti ndiko kunakoharibu mashindano mengi, maana meza ya jirani inasikia "elfu moja mia tisa…" na kumalizia yenyewe. Kila meza ina kikaratasi kimoja tu kwa kitendawili. Ikikosea, imekosea, inatoa mji na kupoteza pointi 1. Mji uliokwishatolewa hautolewi tena. Mtashangaa watu wanavyoishiwa miji kabla ya saa kumi na moja, na hapo Likasi na Kolwezi zimeshakwenda zamani.

Kila kitendawili kwa utaratibu huo kinakula dakika sita hadi saba pamoja na kuonyesha jibu. Kumi na tano ni kama saa moja na dakika arobaini. Muda unaobaki utaliwa na mabishano na kinywaji, msijidanganye.

Mwamuzi awe na bahasha 15 zilizofungwa na gundi, kila moja na namba nje na jibu ndani; awe na lenzi ya kukuza mara 10, mizani inayosoma gramu 0.01, sumaku ndogo, na sarafu yenyewe au picha yake. Kitendawili ambacho jibu lake halionekani kwa lenzi wala halipimiki kwa mizani kisiingie. "Sarafu ambayo babu yangu alilipia kodi" si kitendawili, ni wasifu.

Picha hazieleweki

*Tunataka raundi ya picha: kipande cha sarafu kinaonyeshwa, watu wanataja. Simu yangu inatoa ukungu. — Msomaji, Bukavu*

Unaisogeza karibu mno. Lenzi ya simu ina umbali ambao chini yake haioni. Weka simu juu ya vikopo viwili vya urefu sawa, kama sentimita 15 hadi 20 juu ya sarafu, kamera ikining'inia katikati, kisha kuza mara mbili. Zima mwanga wa simu. Unapiga chuma usoni na kufuta mchoro. Tumia dirisha, au tochi moja iliyolazwa ubavuni karibu na meza, ili kivuli kiinue herufi. Ukitumia tochi mbili za pande mbili, vivuli vinauana na sarafu inakuwa bapa kama sahani.

Kata kipande kisichozidi robo ya sarafu, usiache mwaka wala namba. Vipande vinavyofanya vizuri ni ukingo, sikio la mfalme, mkonga, ncha ya nyota, mkono unaoshika mwenge wa Zaire. Ukienda kuchapisha kwenye sekretaria ya fotokopi, usikubali nakala ya nakala: mara ya pili tu kila kitu kinakuwa kiwi. Piga chapa moja moja kutoka kwenye simu, angalau sentimita 10 kwa upana.

Umeme ukikatika

*Tufanye nini? — Msomaji, Ruashi (tena)*

Raundi ya soksi. Sarafu tano ndani ya soksi nene, kila mchezaji ana sekunde 60 kuzitaja kwa vidole. Faranga 2 ya kona sita inajulikana mara moja, ya tundu pia. Utamu uko kwenye zinazobaki: alumini ni nyepesi na haikai na ubaridi mkononi, shaba na nikeli ni nzito na huanza baridi. Tia sarafu zilizochakaa tu. Jasho la mikono kumi na miwili lina chumvi, na sarafu safi ikitoka humo itaota madoa ndani ya wiki chache.

Zawadi imeota ukijani

*Sarafu ya shaba tuliyoiweka kama zawadi ilikaa kwenye kifuko cha plastiki tangu mvua za Novemba. Sasa ina utando wa kijani unaonata. Tuioshe kwa ndimu na chumvi? — Msomaji, Kenya*

Hapana! Ndimu na chumvi vitaiacha nyekundu kama sufuria jipya, na hakuna mkusanyaji atakayeitaka. Utando unaonata kwa kawaida unatoka kwenye kifuko chenyewe: plastiki laini, inayonuka kama pazia jipya la bafuni, ni PVC, na ikikaa na joto na unyevu hutoa asidi inayokula shaba. Loweka sarafu katika asitoni safi kwenye kikombe cha kioo kwa dakika 10, igeuze, badili asitoni, rudia mpaka isitoe rangi, kisha iache ikauke yenyewe bila kusugua. Iwe asitoni tupu, si ile ya kufutia kucha yenye manukato na mafuta. Fanya nje, mbali na mbabula (jiko la makaa), inawaka haraka kama petroli. Kama kijani ni kikavu, cha unga, na kimechimba vishimo, huo ni ugonjwa wa chuma chenyewe. Itenge na nyingine, na usiitoe zawadi.

Baadaye ihifadhi kwenye karatasi ngumu au plastiki isiyo na PVC, pamoja na kijifuko cha chembe za kunyonya unyevu kama vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Dhahabu ya Katanga kama zawadi kuu

*Mfadhili ametuahidi faranga 5 ya dhahabu ya 1961. Tutajuaje si ya bronzi iliyopakwa? — Msomaji, Lubumbashi mjini*

Pima kwanza. Ya kweli ni gramu 13.33, dhahabu 900 kwa 1,000. Ikipungua sana hapo, mazungumzo yameisha. Ikilingana, weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha namba kwenye sifuri, kisha zamisha sarafu ukiwa umeifunga kwa uzi mwembamba, isiguse chini wala ubavu. Namba inayosomeka ndiyo uzito wa maji iliyosukuma. Dhahabu hiyo itasoma karibu 0.77. Kipande cha bronzi cha uzito uleule kitasoma karibu 1.5. Tikisa uzi kidogo kwanza, kwa sababu povu moja lililoshikamana na sarafu huongeza namba na kumtia mtu mwema aibu. Njia hiyohiyo inafaa kwa faranga 5 ya fedha ya Leopold II: gramu 25, majini karibu 2.4.

Sare

*Meza mbili zikilingana pointi? — Msomaji, Kamalondo*

Hesabu moja, anayeandika jibu sahihi mapema ameshinda. Mwaka 1993 zaire mpya 1 ilibadilishwa kwa zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 faranga 1 ikabadilishwa kwa zaire mpya 100,000. Uliza: "Niko peke yangu mfukoni, nimemeza zaire ngapi za zamani?" Ni 3 na sifuri kumi na moja: 300,000,000,000.

Daini jibu kwa tarakimu, kamwe si kwa maneno. Aliyesoma kwa Kifaransa ataandika miliari 300, aliyezoea redio za Dar es Salaam ataandika bilioni 300, na wote wana haki. Lakini kwa Mfaransa bilioni ni kubwa mara elfu kuliko hiyo, na mwamuzi asiyejua atampa pointi aliyekosa. Sare ikiendelea, rudini nyuma mpaka faranga za kabla ya 1967: ongezeni sifuri tatu.